Je, Wajua? Ndege wa pwani hupigwa picha kifudifudi

Katika hori ya Mida, karibu na Watamu nchini Kenya, huonekana ndege weupe wenye migongo myeusi na midomo minene ya kuvunjia kaa. Ukiwapiga picha umesimama, nyuma yao hutokea tope tupu. Lala kifudifudi, lenzi iwe usawa wa jicho la ndege: mandhari ya nyuma hufifia, naye hujitokeza waziwazi. Asubuhi na jioni jua huwa chini na mwanga wake mpole. Manyoya meupe huonekana unyoya kwa unyoya. Saa sita mchana weupe huo hugeuka doa. Maji yakijaa, ndege husogea ufukweni wenyewe. Tangulia kufika, utulie, wala usiwafukuzie.