Muvi Bila DJ Ni Nusu Muvi

Sisi wasee wa Kabazi, huku Nakuru, tunajua sheria moja ya muvi: staringi hadedi. Anaweza chapwa risasi, atupwe kwa mto, afungiwe kwa jela ya msituni, lakini DJ akishamwita amigo, unatulia. Jamaa atarudi. Naanzia hapo ju nimechoka kuskia mtu ametoka Nax ama Nairobi akisema muvi za DJ ni za watu wa ocha wenye ngeli iliwapita. Mimi ngeli naipata fiti, na bando ikikubali nacheki Netflix kwa simu kama msee yeyote. Lakini niwekee muvi ya Jackie Chan ile safi, halafu uniwekee hiyo hiyo imebongwa na DJ Afro. Nitachukua ya DJ Afro kila siku, na nitakushow ni kwa nini.

Kazi yenyewe iko hivi. DJ anachukua muvi, anashusha sauti ya wenyewe, halafu anabonga juu yake kutoka mwanzo hadi majina yakianza kupanda. Ukidhani ni rahisi, jaribu. Cheki wazee wawili wamekaa kwa meza huko Hong Kong, wanapiga story ndefu za biashara zenye hakuna mtu kwa holi anataka. DJ mnoma anazimaliza na laini moja. Ile nafasi imebaki anaitumia kukwambia huyo mwenye masharubu ndiye alidunga mbuyu wa amigo kisu, na hajui mtoto alikuwa chini ya kitanda akiona kila kitu. Sa hiyo story imekushika shingo. Ngumi zikianza, ananyamaza. Anakuachia mlio wa mfupa. Anarudi tu pale amigo yuko chini, damu kwa mdomo, ndio akuulize kama wewe pia umekata tamaa. Hiyo ya kujua wakati wa kufunga mdomo ndio madj wengi wachanga hawajashika. Wanabonga hadi kwa mazishi, na wanatuharibia.

Holi yetu ilikuwa ya mabati, mabenchi ya mbao, gunia kwa dirisha ndio jua lisipige skrini. Ukilipa ashu unakaa hadi mathe atume mtu akutafute. Ndani kulikuwa na wasee wa nduthi, vijana wametoka shambani na matope kwa gambuti, wazee wa Kikuyu na wa Kikale, na mtoto wa class four mwenye angefaa kuwa home. Kulikuwa na watu hapo hawasomi hizo maandishi za chini ya skrini, na hawakuwa wanabaki nyuma. Holi yote ilikuwa inacheka sekunde moja. Sijaona kitu kingine kwa hii area kimewai kalisha hao wote benchi moja bila ugomvi, na zile fujo za baada ya uchaguzi za 2008 bado tunazikumbuka.

Na si Kenya pekee. Dar es Salaam kulikuwa na Lufufu, alikuwa anafasiri muvi kwa Kiswahili kilichonyooka. Kampala, kwenye DJ anaitwa VJ, kuna VJ Jingo na VJ Junior, hao wanabonga Kiganda. Hapo Wakaliga, mtaa wa Kampala, Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, muvi ya bajeti ya kuokota, na sauti ya VJ Emmie juu yake ndio ilifanya hadi watu wa Marekani na Ulaya wakaipenda. Waliskia mtu anawachangamsha kama wako kwa holi na yeye, na wakabaki hadi mwisho.

Najua kuna swala la hakimiliki. Mwenye muvi halipwi, hiyo si poa, na Kenya tuko na sheria yake ya 2001. Dawa ni leseni. Stesheni inunue muvi, mwenyewe apate chake, DJ alipwe mshahara wa maana, sisi tucheki bila mtu kujificha. Stesheni zetu zimelipia telenovela za Mexico na Ufilipino miaka mingi, zikiwekewa ngeli yenye haina roho, mtu analia na sauti iko flati kama tangazo la dawa ya panya. Wachina walijanjaruka mapema: ile series ya Doudou na mama wakwe zake waliiweka Kiswahili, ikaonyeshwa TBC huko Tanzania mwaka 2011, na watu wakaikubali mbaya. Sasa fikiria telenovela moja, saa moja usiku, DJ mwenye anajua kazi amekaa kwa maiki. Mashosho wa Subukia yote hawangelala.

Tukija kwa vipindi vyetu wenyewe, hapo ndio naumwa. Tulikuwa tunaelekea mahali. Machachari ilikuwa na Baha, Govi na Almasi wakibonga vile watoto wa mtaa wanabonga, na tulikuwa tunajiona pale. Tahidi High iliteka kila shule, hadi watu walikuwa wanajipa majina ya wahusika. Papa Shirandula, kila mtu alikuja na lafudhi ya kwao, na Charles Bukeko alipotuacha Julai 2020 hapa kwetu watu walilia kama wamepoteza anko. Halafu ikaja Maria, Citizen, kutoka 2019 hadi 2021. Yasmeen Said aliingia na Sheng yake ya ghetto na mwendo wa chali, nchi ikasimama. Kile kilibamba ni ile mdomo yake. Lakini story ilimtoa mtaani ikampeleka kwa mansheni, na tangu hapo naona kila mtu anataka mansheni: ngazi za marumaru, mzee ako na kampuni haijulikani inauza nini, wamama wawili wanapigania wosia. Wana waigizaji wakali sana, na wanawapea maneno yenye hakuna mtu hutamka akiwa amekasirika. Mtu wa Kenya akishikwa na hasira anaruka kutoka ngeli hadi Kiswahili hadi lugha ya mathe wake kwa sentensi moja. Mwandike hivyo basi.

Ndio maana Country Queen niliipea heshima. Ilitoka Netflix Julai 2022, episodi sita, series ya kwanza ya Kenya huko, na waliacha wahusika wabonge Kikamba, Kiswahili na ngeli vile mdomo unapeleka. Ni story ya kampuni ya madini na kijiji chenye kinalipia hiyo utajiri. Nikiicheki nilikuwa nafikiria Solai, hapa jirani tu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel lilipasuka maji yakashuka na manyumba, watu zaidi ya 40 wakaenda, wakiwemo watoto wengi. Kila mtu hapa anajua mtu mwenye alipoteza mtu. Habari zilikuja na makamera, zikaondoka. Hakuna msee ameketi akaandika series ya hiyo story na watu wa huku, kwa mdomo ya huku, na mimi naiona wazi: kesi, mashamba, nani alikuwa anapata maji na nani alikuwa anayaangalia tu. Nairobi Half Life ya 2012 ilianza na kijana wa ocha, Mwas, anauza muvi za ekshen akiigiza kila sini mbele ya wateja. Huyo kijana tunaye kila soko. Waandishi wanamjua tu akishapanda mat ya kwenda Nairobi.

Mwenye ameelewa hii kitu vizuri kushinda wote ni Abel Mutua. Alitoka Tahidi High, akiigiza na kuandika, sa hii anakaa kwa kiti YouTube na anakupigia story. Hakuna gari inalipuka. Ako na Sheng, Kiswahili, macho na mikono, na nimeona nyumba nzima imenyamaza ikimskiza kwa simu moja imeegemezwa kwa chupa ya maji. Hiyo ni kazi ya DJ, tofauti ni kwamba picha anakuchorea kwa kichwa.

Kwa gemu, huko vijana walijitatulia hii shida ya sauti kitambo. Ingia kibanda cha PlayStation Jumamosi. Pedi zimeisha raba hadi kidole kinateleza, na ubao wa nje bado umeandikwa FIFA ingawa EA walibadilisha jina 2023. Kwa simu ni eFootball, yenye zamani ilikuwa PES, na Peter Drury na Jim Beglin ndani wakibonga ngeli yao tamu. Lakini hiyo sauti imezimwa. Kuna kijana amesimama nyuma ya viti, hachezi ju hana ashu, na yeye ndiye komenteta. Mpira ukipita katikati ya miguu anapiga nduru "chobo!", anakwambia beki ametumwa dukani, anaingiza majina ya wasee wa stage, ya odijo wa hesabu, ya ng'ombe ya jirani. Wenye wanacheza wanacheza vizuri zaidi ju wanaogopa mdomo yake. Nimeskiza makomenteta wa mamilioni, na huyo mtoto anawakaribia.

Na si mdomo tu. Kuna wasee wa Kenya wanachukua Bus Simulator Indonesia, gemu ya Waindonesia na mabasi yao, wanaipaka rangi za mabasi na mathree za huku hadi na maandishi ya nyuma. Andrew Kaggia alitoa Nairobi X mwaka 2015, unapigana na maeliani katikati ya tao. Sylvia Gathoni, Queen Arrow, alisainiwa na timu ya nje, UYU, akicheza Tekken, manzi wa Kenya na pedi. Sa hii kila mtu anangoja GTA VI. Rockstar waliisogeza hadi tarehe 19 Novemba 2026, na mimi pia nitaicheza nikipata wa kuniazima mashine. Lakini nikiulizwa ni gemu gani ningenunua leo na doh yangu, ni ile ya mpira yenye nikiwasha naskia huyo kijana wa kibanda.

Kwa hivyo maprodusa, hamhitaji kutujengea studio. Letani audishoni Nakuru Players Theatre, na mtangaze mapema ndio wasee wa Bahati, Solai na Subukia wafike. Msiulize mtu kama alisomea sanaa. Muwekeeni muvi imezimwa sauti, mumpe maiki, mkae nyuma mskize. Kijana wangu wa kibanda nitamleta mwenyewe, na fea ya mat iko juu yangu.