Atakayehamia Mirihi, Ijumaa Ataiswali Vipi?

Mirihi si jina geni mwambao. Wajuzi wa falaki wamekuwa wakilitaja tangu zamani, na hata asiyejua falaki huweza kuinyoshea kidole sayari hiyo usiku kwa ule wekundu wake. Lililo geni ni kwamba leo wako watu wanaopanga kuhamia huko. Sisemi kwenda kutembea na kurudi. Nasema kuhamia khasa: kujenga, kuoa, kuzaa na kuzikwa huko huko.

Wala asidhani msomaji kuwa haya ni mambo ya Wamarekani peke yao. Ni kweli kwamba tajiri Elon Musk, mwenye kampuni ya SpaceX, alisimama mbele ya wataalamu nchini Mexico mwaka 2016, akaeleza nia ya kujenga mji wa watu milioni moja katika Mirihi. Lakini mwezi wa Februari 2017 Falme za Kiarabu nazo zilitangaza mpango wa kuwa na mji huko ifikapo mwaka 2117, na mwezi wa Julai 2020 zikarusha kutoka Japani chombo chao kiitwacho al-Amal, kikafika Mirihi tarehe 9 Februari 2021. Basi hao ni jamaa zetu wa Ghuba, watu ambao majahazi yao yalikuwa yakitia nanga Mombasa na Lamu kila kaskazi. Na sisi wenyewe tusijifanye wageni wa mambo ya anga: setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitalia lililokuwa baharini pale Ngomeni, karibu na Malindi.

Magazeti yakiandika juu ya safari hizi hushughulika na roketi. Roketi tuwaachie mainjinia. Liko suala jingine ambalo ni letu, nalo lilianza kwa kishindo mwaka 2014.

Mwaka huo kampuni moja ya Uholanzi, Mars One, ilikuwa ikiwaita watu wajiandikishe kwenda Mirihi bila ya kurudi. Wanne wangetangulia, kisha wanne wengine, na hapana hata mmoja ambaye angeona tena nyumbani. Februari 2014 wanazuoni wa idara ya serikali ya Falme za Kiarabu inayosimamia mambo ya Kiislamu na wakfu walitoa fatwa kwamba safari ya namna hiyo haifai, kwa kuwa ni kujitia katika maangamizi, na roho ni amana. Wenye kampuni waliomba fatwa hiyo ifutwe. Haikuchukua muda ikafutika kampuni yenyewe, maana ilifilisika mwaka 2019.

Kuna waliocheka kuona nchi iliyotoa fatwa mwaka 2014 ikitangaza mji wa Mirihi mwaka 2017. Mimi sioni kinyume hapo. Wanazuoni hawakukataza Mirihi. Walikataza kupeleka watu mahali ambapo hapajatengenezwa njia ya kuishi. Na ukitazama hesabu utaona walikuwa na haki. Hewa ya huko ni nyembamba hata haifiki sehemu moja katika mia ya hewa yetu, na karibu yote ni ile gesi tunayoitoa tukipumua. Marekani ilipeleka chombo kidogo cha kujaribu kutengeneza oksijeni kutokana na hewa hiyo. Tangu 2021 hadi 2023 kilipata jumla ya gramu 122. Kwa mtu mzima hiyo ni pumzi ya saa tatu na kitu.

Haya, tuseme njia imepatikana na hatari imepungua. Muislamu akifika huko atafanyaje ibada yake?

Wengi hujibu upesi kwamba suala hili lilikwisha zamani. Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudia aliruka angani Juni 1985, mwisho wa Ramadhani. Na mwaka 2007 Malaysia ilipompeleka daktari wake wa mifupa, Sheikh Muszaphar Shukor, katika kituo cha anga, wanazuoni wa nchi ile walikaa wakamtungia mwongozo mzima. Kituo kile huizunguka dunia mara 16 hivi kwa siku, kwa hiyo angefuata kuchomoza na kuchwa kwa jua ingekuwa kazi ya kuswali mchana kutwa. Wakamwambia afuate saa za Baikonur, mahali aliporukia. Kibla aelekee Kaaba akiweza. Asipoweza aelekee mbingu iliyo juu yake. Asipoweza, dunia yenyewe. Na akishindwa kabisa, popote. Saumu akitaka aiahirishe mpaka arudi.

Ni mwongozo mzuri. Lakini tazama umejengwa juu ya nini: umejengwa juu ya musafiri. Daktari yule alikuwa na tarehe ya kurudi, naye alirudi baada ya siku kumi na moja. Rukhsa zote alizopewa, au nyingi katika hizo, ni rukhsa za safari. Anayehamia Mirihi si musafiri. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, mtu akinuia kukaa mahali siku nne kamili, zisizohesabiwa siku ya kuingia na ya kutoka, safari yake imekwisha: hapunguzi swala wala hazijumuishi, na Ramadhani ikiingia yuko mji, afunge. Sasa mtu aliyekwenda na mkewe na mbegu za mchicha, ataitwa musafiri kwa lipi?

Kwa saa za swala Mwenyezi Mungu amesahilisha. Siku ya Mirihi ni saa 24 na dakika 39 na ushei, jua huchomoza, hufika utosini na kutua, na kivuli hurefuka alasiri kama hapa Kilindini. Fundi wa falaki angeweza kupiga ratiba bila taabu. Taabu itakuja jioni. Kila aliyesoma Safina chuoni anajua kwamba Isha huingia ukipotea wekundu wa magharibi, na kwamba shafaki ni tatu: nyekundu, njano na nyeupe. Katika Mirihi mchana ndio mbingu huwa na rangi ya udongo, na jua likitua pembeni yake hugeuka buluu kwa sababu ya vumbi jembamba lililotanda hewani. Picha za machweo hayo zilipigwa na chombo cha Marekani mwaka 2015, na ni nzuri ajabu. Lakini shafaki ya buluu hakuifundisha mwalimu yeyote. Nadhani maulamaa watarudi kwenye kukadiria, kama ilivyo katika hadithi ya Dajjal, pale masahaba walipouliza juu ya siku iliyo ndefu kama mwaka wakaambiwa wakadirie.

Mwezi je? Hapa kwetu, kwa mwezi mmoja tu tulio nao, kila mwaka nyumba moja inakula idi na ya pili bado imefunga, huyu akifuata mwandamo wa hapa na yule akifuata Makka. Mirihi ina miezi miwili, na hapana hata mmoja utakaosaidia. Mkubwa, Phobos, huzunguka kwa saa saba na dakika 39, huchomoza magharibi na kutua mashariki, tena zaidi ya mara moja kwa siku. Angalau ugomvi wa mwandamo utakuwa umekwisha, kwani hawatakuwa na la kufanya ila kungoja habari kutoka duniani, nayo huchukua baina ya dakika 3 na dakika 22 kufika, kwa kadiri sayari zilivyokaribiana.

Habari ikifika, shida haijesha. Zile dakika 39 za ziada hujikusanya. Siku 30 za Makka ni siku 29 na kitu za Mirihi. Na baada ya siku 36 hivi za huko, mkazi anayehesabu machweo yake mwenyewe atakuwa nyuma siku nzima: yeye yuko Ijumaa, Makka ni Jumamosi. Aifuate Ijumaa ipi? Hili ni la mkazi peke yake. Musafiri wa siku kumi na moja halimgusi.

Udhu nao una maneno. Maji yako, lakini ni barafu, na yatakayotumika yatakuwa ni yale yale yakisafishwa na kurudi, pamoja na jasho na mkojo, kama ifanywavyo leo katika kituo cha anga. Kwa hilo wanazuoni wakubwa wa Saudia waliamua mwaka 1978 kwamba maji machafu yakisafishwa mpaka rangi, ladha na harufu ya najisi ziondoke, yametahirika. Atakayetaka kutayamamu ndiye wa kuonewa huruma: vumbi ni tele, lakini mwaka 2008 liligunduliwa kuwa lina chumvi yenye sumu, na nje hawezi kutoa mkono katika nguo yake.

Hija naiona ndiyo nzito kuliko yote. Chombo cha kurudi kina msimu wake kama kusi, ila msimu huo huja mara moja katika miezi 26. Mtu mzima aliyetoka hapa huenda akavumilia. Mtoto aliyezaliwa huko, ambako uzito wa kila kitu ni kama thuluthi na kidogo ya uzito wetu, ataweza kusimama Arafa kwa mifupa aliyokulia nayo? Hapana daktari awezaye kujibu leo, kwa sababu hajazaliwa mtoto hata mmoja mahali pa namna hiyo. Wazazi wake watakuwa wamemchagulia kabla hajawa na ulimi wa kukataa, na hapo fatwa ya mwaka 2014 inarudi upya, safari hii kwa roho isiyojiandikisha.

Turudi kwenye Ijumaa, ambayo wapangaji wanaweza kuihesabu tangu sasa. Shafii anataka wanaume arubaini waliobaleghe, tena wakazi wa mahali pale. Mahanafi huridhika na imamu na watu watatu, lakini wao hutaka pawe ni mji. Jaribio la Marekani la kuishi katika nyumba mfano wa Mirihi, lililofanywa Houston kuanzia Juni 2023 hadi Julai 2024, lilikuwa na watu wanne, wanaume na wanawake. Kwa hesabu hiyo wahamiaji wa mwanzo wataswali adhuhuri, rakaa nne kamili.