Sandarusi ya Unguja Ukuu: Harufu Iliyotoweka, Ushahidi Uliobaki

Ndugu msomaji, ukijaliwa kutembelea mashamba ya Kizimbani, kisiwani Unguja, utaonyeshwa karafuu, mdalasini, hiliki na vanila. Mwenyeji wako atafikicha jani na kukupa ulinuse, nawe pengine utalitambua hata ukiwa umefumba macho. Hata hivyo, viungo hivyo vyote vinne ni vigeni kisiwani. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia; ilipandwa Kizimbani mwanzoni mwa karne ya 19 katika shamba la Saleh bin Haramil al-Abri. Vanila chimbuko lake ni Meksiko.

Je, kabla ya wageni hao kuwasili, wakazi wa kisiwa hiki walifukiza nini majumbani mwao? Sehemu ya jibu imepatikana katika maabara.

CHETEZO KUTOKA ARDHINI

Kusini mwa kisiwa kiko kijiji cha Unguja Ukuu. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita hapo palikuwa na bandari ya biashara. Wataalamu wa mambo ya kale, akiwamo Mzanzibari Abdurahman Juma, wamefukua mahali hapo vigae vya vyungu vya wenyeji pamoja na vya vyombo vilivyoletwa kutoka ng'ambo ya bahari. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana kimo chetezo chenye masalio ya utomvu, cha karne ya 7 au ya 8.

Msomaji uliyekulia pwani huhitaji kuelezwa kazi ya chetezo. Lakini ndani yake mliwekwa nini? Wengi tungesema ni ubani, kwa kuwa ubani ulitoka Uarabuni ya kusini na Somalia, na majahazi yalikuwa yakija na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi. Dhana hiyo inaingia akilini, ila dhana haijawa ushahidi.

MAABARA HUTAMBUAJE?

Pua haiwezi kutusaidia hapa. Mafuta mepesi yanayoleta harufu huruka upesi na kupotea hewani. Kinachobaki ni chembe nzito za utomvu, na kila jamii ya miti ina mchanganyiko wake wa chembe hizo, kama vile kila mtu alivyo na alama zake za vidole.

Mtaalamu huchukua kipande kidogo mno cha masalio, akakiyeyusha katika dawa maalumu. Maji hayo hupashwa moto mpaka yawe mvuke, kisha mvuke husukumwa na gesi ndani ya mrija mrefu na mwembamba. Chembe hazisafiri kwa mwendo mmoja: baadhi hutangulia, nyingine huchelewa, na hivyo hutengana. Zinapotoka, mtambo wa pili huzivunjavunja na kupima uzito wa vipande vyake. Mwishowe matokeo hulinganishwa na utomvu wa miti inayojulikana.

Ubani hujulikana kwa asidi za boswelia, ambazo kiunzi chake kina kaboni 30. Utomvu wa msandarusi umejengwa kwa viunzi vya kaboni 20. Tofauti hiyo haifichiki, hata baada ya karne nyingi.

JIBU LILILOPATIKANA

Mwaka 2015, Alison Crowther na wenzake walitangaza matokeo yao: utomvu ule ulikuwa sandarusi. Msandarusi humea katika pwani ya Afrika Mashariki na Madagaska. Uarabuni hauna asili. Kwa hiyo, yapata miaka 1,300 iliyopita, kilichofukizwa Unguja Ukuu kilikuwa zao la upande huu wa bahari.

Vitabu vya historia vimeizungumzia sana sandarusi ya karne ya 19, iliyochimbwa ardhini huko Mrima, ikakusanywa Unguja na kupelekwa hadi Salem, Marekani, kutengenezea vanishi. Chetezo hiki kinatufunza kwamba thamani yake ilijulikana zamani zaidi, tena kwa matumizi mengine. Mara nyingi tumesimuliwa kwamba watu wa pwani walingoja tu kuletewa vitu vizuri kutoka mbali. Masalio haya madogo yanaonyesha kwamba, hata katika bandari iliyojaa bidhaa za kigeni, mti wa kwetu ulikuwa na heshima yake.

WAJIBU WETU

Ndugu msomaji, fikiria kama aliyekiokota chetezo kile angekisugua kwa mchanga mpaka king'ae. Kingependeza kabatini, lakini habari yote hii ingemwagwa pamoja na maji machafu.

Basi ikitokea kwamba unalima, au unachimba msingi wa nyumba, ukakuta chungu au chombo cha kale, usikioshe wala usikikwangue. Kiache pale pale kilipo, maana hata udongo unaokizunguka husaidia kujua umri wake, kisha utoe taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale iliyo karibu nawe. Wafundishe na watoto wako vivyo hivyo. Masizi yaliyoganda ndani ya chombo yanaweza kuonekana ni uchafu mtupu, kumbe ndimo ulimohifadhiwa ushahidi wa maisha ya waliotutangulia.