Kabla hujamnunulia mwanao mabuti ya zimamoto

Ndugu msomaji, mtu akimtaja mzimamoto mbele yako, bila shaka mawazo yako hukimbilia kwenye gari jekundu, mlio wa king'ora na kofia ile ngumu inayong'aa. Ni wachache mno wanaoikumbuka miguu yake. Hata mimi sikuwa nimeikumbuka hadi jioni ile dada yangu aliponiletea kijana wake wa miaka 20, akaniambia: "Mdogo wangu, huyu amepata nafasi ya kujifunza kazi ya zimamoto kiwandani. Mwisho wa mwezi aripoti na mabuti yake. Baba yake yuko safarini. Mpeleke wewe."

Viwanda vikubwa huwa na vikosi vyao vidogo vya kuzima moto, ambavyo hushika mpira wa maji wa kwanza wakati gari la Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lingali njiani. Mpwa wangu alikuwa ameitwa katika kikosi cha namna hiyo. Barua yake ilieleza kwamba mavazi ya kuingilia motoni, pamoja na mabuti yake, angepewa kazini. Bali mabuti ya kazi za kila siku, meusi, ya ngozi, yenye kufunika kifundo cha mguu, alitakiwa kujinunulia.

Naomba nieleze la moyoni hapa kidogo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kumpatia mfanyakazi vifaa vya kumkinga. Kwa maoni yangu, kiatu cha kumkinga mzimamoto ni kifaa kama kofia yake, na ati kwamba yeye ni mwanafunzi tu si hoja. Nilitaka kwenda kuuliza. Dada yangu akanizuia: "Mwache aingie kwanza, utauliza baadaye." Wazazi wenye vijana waliosubiri ajira kwa miaka watamwelewa.

Basi fedha ilikuwa ya dada, iliyotoka katika mchezo wa upatu, na haikuwa ya kununulia mara mbili.

Kabla ya kwenda mjini tulipita kwa mzee mmoja jirani yetu, aliyestaafu kazi hiyo. Yeye aliianza enzi ambazo vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya halmashauri za miji, kabla ya sheria ya mwaka 2007 kuviweka chini ya jeshi moja. Tulipokwisha kumwamkia na kumweleza shida yetu, hakusema neno. Alivua kandambili ya kulia, akaugeuza wayo wake juu. Katikati palikuwa na kovu la ukubwa wa punje ya hindi.

"Huu si moto," alisema. "Moto tulikwisha kuuzima. Nilikuwa nakunja mpira, nikakanyaga ubao wenye msumari."

Kisha akamtazama kijana. "Utakuwa motoni saa moja, pengine mwezi mzima usiingie kabisa. Lakini buti la kazi utalivaa kutwa. Utasimama nalo gwaride, utaoshea gari, utabebea mipira, utapandia ngazi. Hilo ndilo litakalokula miguu yako. Na kitu kimoja usisahau: usiingie nalo motoni hata siku moja."

Ndugu msomaji, hapo ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa kwa macho mabuti haya mawili hufanana. Buti la kuingilia motoni hutengenezwa ili listahimili joto kali, na katika nchi za Ulaya hupimwa kwa kanuni yake lenyewe, namba 15090. Lililokubaliwa hugongwa alama yenye mchoro wa mzimamoto. Buti la kawaida la kazi, hata likiwa zuri namna gani, mara nyingi limeunganishwa kwa gundi, na huweza kuwa na kitambaa na nyuzi za nailoni. Joto kali likilifikia, gundi huachia na nailoni huyeyuka ikanata mwilini. Kijana mwenye ari, king'ora kikilia, huona kubadili viatu ni kupoteza wakati. Afadhali apoteze wakati huo.

Tulifika Kariakoo saa tisa alasiri, kwa makusudi. Miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kilichokuenea asubuhi huweza kukubana jioni. Tulichukua pia soksi nene ambazo angezivaa kazini, kwa maana kujaribu buti kwa soksi nyembamba ni kujidanganya.

Duka la kwanza hatukukaa. Katika banda la pili, la mitumba, mpwa wangu aliyaona mabuti ambayo yalimteka moyo papo hapo. Yalikuwa meusi, mazito, marefu, yaking'aa kama kioo, na soli yake haijapata kugusa ardhi. Bei yake ilikuwa nusu ya mapya. Muuzaji akaapa kwamba yalitoka Ulaya katika ghala la askari. Kijana aliyavaa, akasimama wima, akanitazama kwa macho ya kuomba. Nakiri kwamba mkono wangu ulikwisha kuingia mfukoni.

Kando ya banda palikuwa na mshona viatu, mtu wa makamo. Hakuulizwa, lakini alinyosha mkono akaomba buti moja. Aligandamiza ukucha wa kidole gumba ubavuni mwa soli, karibu na kisigino, akalikunja buti mara mbili kwa nguvu. Punje nyeusi zikamwagika chini mithili ya makombo ya mkate uliochacha.

"Limelala sana," alisema, akamrudishia mwenyewe.

Baadaye alitueleza, nami niliporudi ofisini nilisoma zaidi juu ya jambo hilo. Soli nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa aina ya plastiki nyepesi yenye vinyweleo iitwayo poliuretheni. Ni laini na haichoshi mguu, lakini unyevu wa hewa huila polepole kutoka ndani, na joto huzidisha kasi yake. Buti lililokaa sanduku miaka mingi bila kuvaliwa linaweza kuoza soli huku ngozi yake ingali inang'aa. Katika miji yetu ya pwani hali hiyo huja mapema zaidi. Hebu fikiri soli hiyo imwachie kijana akiwa katikati ya ngazi, na mpira wa maji begani.

Muuzaji alikasirika, nasi tukaondoka.

Tulipata jozi mpya katika duka la vifaa vya kazi, na hapo kazi halisi ya kuchagua ikaanza. Ndani ya ulimi wa buti la kiwanda hugongwa namba ya kanuni ya viatu vya usalama, 20345, na herufi pembeni yake. Zisome kabla ya kusoma bei. Palipoandikwa SB, msingi wake ni kinga ya vidole. S1P huongeza, pamoja na mengine, kinga ya wayo dhidi ya msumari, ila haliahidi kuzuia maji. S3 lina kinga ya vidole na ya wayo, ngozi yake hukawiza maji, na soli yake ina meno. Mzimamoto hushinda katika maji, na mzee wetu alikwisha kutuonyesha habari ya msumari. Tukashika S3. Kweli, alama huweza kughushiwa, kwa hiyo bonyeza kwa kidole mwenyewe: ndani ya ncha usikie kitu kigumu kisichobonyea.

Kinga hiyo ya vidole hupimwa kwa pigo la jouli 200, yaani kama uzito wa kilo 20 ulioangushwa kutoka kimo cha mita 1 hivi. Ipo ya chuma na ipo ya plastiki ngumu, ambayo ni nyepesi. Uzito si jambo dogo: kilo iliyofungwa mguuni humchosha mtu kuliko kilo iliyobebwa mgongoni, kwa kuwa huinuliwa upya kila hatua. Vijana hudhani buti zito ndilo buti la kiume. Wamwulize aliyepanda nalo ghorofa ya nne.

Aidha, ngozi hulegea kwa kuvaliwa lakini ncha ya chuma hailegei kamwe. Likibana vidole dukani, litabana hadi siku ya kutupwa. Mpwa wangu alipima miguu yote miwili, na kama ilivyo kwa watu wengi, mmoja ulikuwa mkubwa kidogo. Tukachagua kwa kuufuata huo. Nilimtaka apande na kushuka ngazi za duka. Kupanda, nilitazama kama kisigino kinainuka ndani ya buti. Kushuka, nilimwuliza kama vidole vinagonga mbele. Tukakagua pia kisigino cha soli, ambacho lazima kiwe na ukingo uliosimama wa kushika kipago cha ngazi. Soli iliyo bapa moja kwa moja huteleza.

Kamba au zipu? Alitaka zipu, kwa ajili ya haraka. Mimi naona kamba hushika kifundo cha mguu vizuri zaidi, na zipu ikikatika usiku hapana fundi. Tukachukua la kamba. Binti aliyetuhudumia alituambia jambo ambalo sikulitarajia: wasichana wanaojiunga na kazi hizi hupata taabu zaidi, kwa kuwa mabuti mengi hukatwa kwa umbo la mguu wa kiume, nao huambiwa wavae soksi mbili. Soksi mbili hazigeuzi umbo la buti. Huongeza joto na malengelenge tu. Adai namba yake.

Zilibaki wiki mbili. Kila jioni kijana aliyavaa nyumbani, saa moja, kisha mbili, hadi ngozi ikaizoea miguu yake. Jirani mmoja alimshauri ayaloweke maji ayavae yakaukie mguuni, mwingine ayaanike kando ya jiko. Ngozi inayokaushwa kwa moto hupasuka. Mabuti yaliyolowa hujazwa magazeti makuukuu, yakawekwa kivulini penye upepo, na magazeti yakabadilishwa yanapolowa.

Jambo moja nilimwambia dada faraghani. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi la mambo yanayothibitika kusababisha saratani. Masizi ni miongoni mwa hatari hizo, nayo hunata katika nguo na viatu. Mabuti ya motoni yabaki kazini yakaoshwe huko. Hata haya ya kila siku yasivuke kizingiti, maana sakafuni ndipo mdogo wake anapotambaa.

Jumamosi ya kwanza baada ya kuanza kazi nilikwenda kuwatazama. Mabuti yalikuwa barazani, yamelowa. Kijana alikuwa amekaa kwenye mkeka, mama yake ameushika mguu wake akiugeuza huku na huku kama anunuaye samaki. Aliona lengelenge moja dogo nyuma ya kisigino, akaliacha bila kulipasua.

"Mjomba," kijana aliniambia, "una magazeti ya zamani?"

Nilikuwa nalo moja kwapani, la Jumapili iliyopita, lenye makala yangu ukurasa wa nane. Nikampa.