Risasi ya kasi si lazima iwe ya faida

WAKULIMA wachache wa Shinyanga na Geita wanaomiliki kihalali bunduki ndogo ya .22 huchagua risasi kwa kusoma boksi. Iliyoandikwa kuwa ya kasi ndiyo huonekana bora. Hesabu hiyo ina kasoro.

Risasi ya kawaida ya bunduki hiyo, yenye kichwa cha gramu 2.6, hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 330 kwa sekunde. Ya kasi hufikia karibu 380. Vilengeo vikinyooshwa kwa mita 50, ya kasi itakuwa imeshuka takribani sentimita 15 ikifika mita 100, na ya kawaida zaidi kidogo. Lakini upepo wa pembeni, ambao haukosekani kwenye mbuga za Shinyanga wakati wa kiangazi, huisukuma kando ile ya kasi kuliko ya kawaida, kwa sababu hupoteza mwendo wake upesi zaidi.

Tena kila mtutu una risasi inayoupenda. Bunduki mbili za kiwanda kimoja huweza kutofautiana, kwa hiyo ushauri wa jirani hautoshi.

Dawa ni kupima. Bunduki hulazwa juu ya mfuko wa mchanga, zikapigwa risasi tano za kila aina kwa mita 50, kisha 75, kisha 100, bila kugusa vilengeo. Matundu yaliyoachana zaidi hupimwa kwa rula. Boksi lina risasi 50. Jaribio hilo hula 15 za kila aina, na 35 zinazobaki hazipigwi kwa kubahatisha. (Mwenye gobore, anayepima baruti kwa kiganja, hana hesabu hiyo kabisa.)

Gharama kubwa iko kwingine. Risasi hii ndogo huweza kuruka zaidi ya kilomita 1.5. Kuzunguka Geita na Bulyanhulu, kichaka kinachoonekana kitupu huweza kuwa na wachimbaji wadogo mashimoni. Shabaha iwekwe mbele ya kichuguu kikubwa au tuta la udongo, kamwe si kwenye miamba, ambayo huirudisha risasi upande wowote. Kabla ya hapo polisi waulizwe kuhusu eneo, kwani silaha husimamiwa na sheria ya mwaka 2015.

Na kwa nguruwe pori, .22 haifai hata ikipimwa vizuri: humjeruhi tu, naye akakimbia au akamgeukia mpigaji. Kumwinda kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Aliyeliwa mahindi aanzie kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.