Je, Wajua? "Sir Juma" ni Cheo cha Kifalme

Je, wajua kwamba mwanafunzi wa Shinyanga au Geita anayemwita mwalimu wake "Sir Juma", kwa Kiingereza cha Uingereza amempandisha cheo? Huko, Sir ikitangulia jina la kwanza humtambulisha mwenye cheo cha kifalme, yaani heshima itolewayo na mfalme au malkia, kama Sir Richard Turnbull, gavana wa mwisho wa Tanganyika. Ikisimama peke yake, ni heshima kwa mwanamume yeyote.

Chanzo cha mkanganyiko huu si utovu wa adabu. Kiswahili hutanguliza heshima ya kazi mbele ya jina lolote: Julius Kambarage Nyerere aliacha kufundisha mwaka 1955 lakini akabaki Mwalimu Nyerere. Wapo watakaosema Kiingereza cha Afrika Mashariki kina haki ya kuwa na desturi zake. Ni kweli, na darasani "Sir Juma" haimchanganyi mtu. Ila barua ya kuomba kazi mgodini au ufadhili ng'ambo huenda ikasomwa na mgeni wa desturi hiyo. Humo andika Mr, kisha jina la ukoo.