Mzee Aliyerudiwa na Hamu ya Kula

Mtu akitoka mjini Tabora kwenda Kwihara huonyeshwa nyumba ya tembe inayotunzwa kwa kumbukumbu ya Daktari David Livingstone, mmisionari na msafiri, aliyekaa hapo mwaka 1872. Wageni wengi huitazama kwa ajili ya safari zake. Sisi na tuitazame kwa ajili ya jambo dogo zaidi. Miezi minne kabla ya kufika Kwihara, mzee huyo alikuwa mifupa mitupu na hakutamani chakula. Naye alipona, hata akashika tena njia ya misafara kwa miguu.

Alifika Ujiji tarehe 23 Oktoba 1871, akitoka Manyema, naye ana umri wa miaka 58. Ugonjwa wa kuhara damu ulikuwa umemdhoofisha, na meno yake kadhaa yalikuwa yameng'oka. Alitumaini kuikuta akiba yake ya nguo na shanga, kwani hizo ndizo zilizokuwa fedha za njia ile. Kumbe mtu aliyekabidhiwa alikuwa amekwisha kuiuza. Basi akakaa kwa huzuni. Alikula mara mbili tu kwa siku, tena chakula kisicho na ladha, na mara nyingine alitaka kikombe cha chai tu.

Muda mfupi baadaye akafika Henry Stanley, kijana wa miaka 30, aliyetumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta. Alileta mfuko wa barua. Mzee akausoma waraka mmoja au miwili ya watoto wake, kisha akaziweka nyingine magotini, akataka kwanza asimuliwe habari za ulimwengu: Mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869, vita vya Ufaransa na Prussia, na mengine mengi. Wakati huo majirani Waarabu na Waswahili wakaleta vyakula: mikate midogo ya nyama iliyokatwakatwa, kuku wa mchuzi, na wali kwa nyama ya mbuzi. Halima, mpishi wake, alihangaika jikoni kwa furaha. Na yule aliyesema kwamba hana hamu ya kula alikula kama mtu mwenye njaa. Tangu siku hiyo akawa anakula mara nne kwa siku, na baada ya juma moja tu akaanza kujiona ana nguvu.

Ni nini kilichomponya? Mali za Stanley zilinunua vyakula vizuri, hilo tusilifiche. Lakini hamu ilirudi siku ile ile, kabla mwili haujapata muda wa kunenepa. Ilirudi kwa sababu alikuwako mtu wa kula naye na wa kuzungumza naye. Mgonjwa mzee akiwekewa sahani peke yake katika chumba chenye giza, huigusa kidogo akaisukuma. Na watu wa nyumbani husema, 'Hataki kula,' nao huiondoa. Pengine chakula anakitaka, ila upweke umekifunika.

Huenda nyumbani kwenu yuko babu au bibi aliyeinuka juzi kutoka katika homa. Usimpelekee sahani ukakimbilia kucheza. Mwamkie, msaidie kuketi wima, maana alaye amelala huweza kupaliwa. Kisha kaa naye, nawe ule. Mwulize habari za zamani. Wazee wa Tabora wanazo nyingi, na wenye masimulizi husahau kwamba walikuwa hawataki kula.

Chakula chenyewe kiwe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, kwani sahani iliyojaa humchosha mgonjwa kwa kuitazama tu. Mtu asiye na meno usimpe ugali mgumu na nyama ya kutafuna. Mpe uji mwororo wa ulezi au mtama, uliotiwa maziwa, au karanga zilizotwangwa zikawa laini kabisa. Mpe yai, maharage yaliyopondwa, samaki aliyeondolewa miiba, embe bivu. Asali ya Tabora yasifiwa mahali pengi, na kijiko kimoja huupa uji utamu (asiwe tu na ugonjwa wa kisukari). Lakini asali peke yake haijengi misuli. Misuli hujengwa kwa maziwa, mayai, samaki, karanga na jamii ya kunde. Supu nyepesi nayo hudanganya: huburudisha, ikajaza tumbo, na nguvu iliyomo ni chache. Afadhali itiwe nyama iliyopondwa au yai.

Maji pia yakumbukwe, maana wazee hawasikii kiu kama vijana. Tena tazama kinywa chake: kama kina vidonda, au ulimi una utando mweupe, hata chakula kitamu kitakuwa mateso.

Neno moja la hadhari. Mtu aliyekaa siku nyingi karibu bila chakula asishindiliwe ghafla chakula kingi, kwani mwili wake waweza kushindwa na hata kufa. Livingstone alistahimili karamu ile, wewe usiifuate. Aanze kwa kidogo, na mganga wa hospitali aulizwe.

Baada ya chakula huja mwendo. Mzee akilala siku kumi tu, misuli ya miguu hupungua sana. Mshike mkono leo mpaka mlangoni, kesho mpaka chini ya mwembe. Livingstone naye hakukaa kitandani: siku chache baada ya kupata nguvu walipanda mtumbwi na Stanley kwenda kaskazini mwa ziwa Tanganyika, wakaona kwamba mto Rusizi huingia ziwani wala hautoki. Tarehe 18 Februari 1872 waliwasili Kwihara. Njiani Stanley ndiye aliyeshikwa na homa, na mzee akamwuguza kijana.

Stanley aliondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi. Livingstone naye aliondoka Kwihara tarehe 25 Agosti, akaelekea kusini. Kuhara damu kukamrudia, akafa kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873. Chakula kilikuwa kimemrudishia nguvu, lakini ugonjwa wenyewe haukuwa umeondoka. Siku zile hapakuwa na hospitali Tabora. Sasa iko Kitete. Basi babu akizidi kukonda ingawa anakula, au akipaliwa kila anywapo maji, akihara damu, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, msingoje uji umponye. Mpelekeni siku hiyo hiyo.